Mwaka Usio na Punje

Kiberiti kile kilikaa juu ya kabati la vyombo, nyuma ya sanamu ya Bikira Maria, na wajukuu wote wa nyumba ile walijua kwamba hakiguswi. Hakikuwa na njiti hata moja. Ndani yake mlikuwa na vipande vya karatasi ya daftari vilivyokunjwa, na katika kila kipande punje moja ya mahindi na njegere moja kavu. Juu ya kila karatasi Fortunata alikuwa ameandika mwaka kwa penseli: 1990, 1991, 1992. Kipande cha nne aliandika 1993, akakikunja vizuri kama vingine, lakini ndani hakutia kitu.

Punje hizo zilikuwa tumbo la mumewe.

Felisian alikuwa na kiungulia cha miaka mingi, kile cha kumwamsha mtu akae kitandani akimeza mate. Alikunywa magadi, alitafuna mizizi, mwishowe binti yao mkubwa, Kristiana, akamshika mkono akampeleka hospitali ya misheni mjini Sumbawanga. Kila mwezi wa Julai alifika pale daktari kutoka Mbeya, jina lake Zenon, na sanduku la bati lenye mpira mrefu mweusi wenye taa mbele. Mgonjwa alimezeshwa mpira ule, daktari akaweka jicho kwenye tundu la upande wa pili na kuona mpaka chini. Kiungulia kiliisha kwa vidonge. Lakini katika kutazama, daktari alikuta vitu viwili ambavyo hakuwa anavitafuta: vivimbe viwili vidogo, kimoja juu na kimoja chini kidogo, ndani ya ukuta wa tumbo.

Fortunata aliitwa aingie asikilize. Daktari Zenon aliwauliza wanalima nini huko Mollo. Walipojibu mahindi, ulezi na maharage, akaomba punje ya mahindi, na Fortunata akaipata ndani ya kikapu chake. Daktari akashika pindo la kitenge cha Fortunata, akaisukuma punje ndani ya ule mshono.

"Unaiona, mama? Haiko juu ya kitambaa, imo katikati yake. Nikiigusa inateleza. Siwezi kuitoa bila kupasua kitambaa, na kitambaa hiki sipendi kukipasua bure."

Akawaeleza kwamba vivimbe vya namna hiyo vingi vinalala humo mpaka mtu anakufa kwa uzee, wala havimsumbui. Vichache vinakua, na vikikua vinakuwa vibaya. Kwa hiyo kazi ilikuwa kuangalia. Kila mwaka, kwa mpira uleule na jicho lilelile. Kikifika ukubwa wa harage kubwa jekundu, atapasua.

"Ila msinikose hata mwaka mmoja," alisema. "Punje moja hainiambii kitu. Zikiwa nyingi kwenye mstari ndiyo naona zinakwenda wapi, na kwa mwendo gani."

Maneno hayo Fortunata aliyabeba mpaka nyumbani. Wazo la kiberiti lilikuwa lake, lakini hakulifanya peke yake. Palikuwa na nesi kijana, Herieth, aliyekuwa ametoka shule mwaka huohuo, ndiye aliyeshika daftari la wagonjwa wa mpira. Fortunata alipomwomba amsomee vipimo, binti yule hakucheka. Alichukua rula yake, akakaa naye kwenye benchi, wakachambua punje moja moja kutoka kwenye kikapu mpaka wakapata zilizolingana na maandishi ya daktari. Mstari wa wagonjwa ulikuwa mrefu, na bado alikaa. Mwaka uliofuata alifanya vilevile, na mwaka wa tatu aliwahi yeye kuuliza, "Mama, kiberiti umekuja nacho?" Punje za miaka yote mitatu zilikuwa sawa. Njegere ilikuwa njegere, na punje ya mahindi ilikuwa punje ya mahindi.

Sheria ya mpira ilikuwa moja, tumbo liwe tupu. Mgonjwa asile wala asinywe tangu jua linapozama. Na Daktari Zenon, ambaye alikuwa na siku tatu tu za kukaa na watu zaidi ya arobaini wa kuwaona, alikuwa na sheria yake nyingine juu ya hiyo: aliyedanganya kwamba hajala, jina lake lilifutwa kwenye daftari, asipimwe tena. Mwaka tisini na mbili Fortunata alimwona kwa macho yake mwanamume mmoja wa Milepa aliyekutwa na muhogo tumboni. Alifutwa palepale, akaenda kukaa nje kwenye ukuta, kofia magotini, mpaka gari la kurudi bondeni likaja.

Kwa hiyo mwaka tisini na tatu Fortunata hakuweza kusema kwamba hakujua.

Mwezi huo baridi ya Ufipa ilikuwa imekaza. Asubuhi majani yalikuwa meupe, na upepo ulipita chini ya mlango. Siku ya kuamkia safari, Felisian hakula chakula cha jioni. Wafanyabiashara walikuwa wameanza kuja wenyewe na malori mpaka mashambani kununua mahindi, siyo kama zamani ambapo kila kitu kilipitia kwa ushirika, na lori la siku ile lilifika jua likiwa limeelemea magharibi. Felisian alisimama kwenye magunia mpaka jua likazama. Aliporudi, muda wa kula ulikuwa umepita. Alikuwa ametia kitu mdomoni mara ya mwisho saa nane mchana.

Alfajiri Fortunata aliamka kuwapikia wajukuu uji wa ulezi. Felisian alikaa karibu na mafiga, ndani ya koti lake kubwa la mitumba, mikono kwapani, akitetemeka mpaka meno yanagongana. Akasema, "Mama Kristiana, harufu hiyo unanifanyia makusudi."

Alikuwa anatania. Lakini mkewe alimtazama, akaona midomo ilivyokauka na mifupa ya uso ilivyojitokeza, na huruma ikamshika pale pa kumshika mtu. Mama yake mzazi hakuwahi kumwacha mtu atoke kwake kwenda safari bila kuonja kitu cha jikoni, hata kama ni mgeni aliyelala siku moja. Fortunata akachota kikombe, akaupuliza, akampa.

"Na Daktari?" akauliza Felisian.

"Daktari yuko mjini. Hapa niko mimi. Kunywa, uji si chakula, ni maji yaliyopata joto."

Felisian akaunywa wote, kisha akaomba kidogo tena, naye akampa.

Mpaka hospitali walipelekwa na jirani yao Ndalahwa, Msukuma aliyehamia Mollo na ng'ombe wake miaka michache nyuma. Alifunga maksai kwenye mkokoteni kila Julai bila kuombwa, na njia nzima alimchokoza Felisian. Alimwambia kwamba Mfipa anayemeza mpira ni sawa na baiskeli, wakirudi itabidi wamjaze upepo. Felisian alijibu kwamba ni afadhali mpira kuliko maziwa ya ng'ombe wa Ndalahwa, ambayo yalikuwa maji matupu. Walicheka. Fortunata naye alicheka, na mpaka alipoliona lango la hospitali hakuwa amekumbuka uji ule hata mara moja. Pale langoni ndipo ulipomrudia.

Herieth alikuwa mlangoni na daftari. Alimwamkia kila mzee shikamoo, akamwinamia, akauliza swali lilelile. Alipofika kwao aliinama kwa Felisian. "Baba, umekula au kunywa kitu chochote tangu jana jioni?"

Fortunata akajibu kabla ya mumewe. "Hajagusa kitu."

Felisian akamtazama mkewe. Ilikuwa kitambo kidogo tu. Kisha akasema, "Sijagusa kitu, binti yangu."

Herieth alikawia kidogo ameinama vilevile, halafu akatia alama kwenye daftari.

Fortunata alikaa kwenye benchi nje ya pazia. Alisikia jenereta likiwaka, akasikia daktari akisema meza, meza, vizuri baba. Kisha akasikia sauti ya mtu anayezama. Kikohozi, na kupaliwa, na miguu ikipiga kitanda, na viti vikisukumwa. Uji ulikuwa umepanda ukamkuta Felisian amelala ubavu, mpira ungali kooni, na badala ya kutoka nje ukaingia kifuani.

Walimtoa mpira, wakamwinamisha, wakamsafisha. Pazia lilikuwa limefunguka, na Fortunata aliiona sakafu. Ulezi una rangi yake, hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Daktari Zenon alikuwa amelowa mikono yote miwili. Aliuliza kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya kuliko kufoka, "Nani amempokea huyu?"

"Mimi, Daktari," akasema Herieth.

"Ulimwuliza kama amekula?"

Herieth alimtazama Felisian pale kitandani, akamtazama Fortunata aliyesimama kwenye pazia. Kisha akatazama chini.

"Sikumwuliza, Daktari. Nilisahau."

Fortunata alikuwa na mdomo. Alikuwa na muda pia, kwa sababu daktari alikaa kimya kabla ya kusema neno jingine. Angeweza kusema, binti ameuliza, mimi ndiye niliyejibu. Lakini alimwona mwanamume yule wa Milepa amekaa ukutani na kofia magotini, akakaa kimya, na muda ukapita.

Felisian alilala wodini wiki mbili na siku tatu kwa homa ya mapafu. Kila jioni Herieth alipita na birika la maji ya moto, ijapokuwa wodi ile haikuwa yake. Hakuwa na wodi tena. Walikuwa wamemwondoa kwenye chumba cha mpira wakampeleka kuchemsha vyombo. Na Fortunata alisikia kwa mama mmoja aliyekuwa anauguza mtoto wake kwamba binti yule alikuwa ameandikwa kwenda Mbeya mwezi wa Septemba, kusomea kazi hiyohiyo ya kumsaidia daktari wa mpira, na sasa ameandikwa mwingine. Jioni hiyo Fortunata alijaribu. Alisema, "Mwanangu, lile jambo..." Herieth akamwekea birika mkononi akamwambia, "Mama, maji yatapoa."

Vivimbe havikupimwa mwaka huo. Daktari alisema watavipima mwakani.

Mwakani mpira uliharibika, ukapelekwa ng'ambo kutengenezwa. Mwaka uliofuata ulikuwa bado haujarudi. Fortunata alianza kumwangalia mumewe kama anavyoangaliwa mtoto mchanga. Akiacha matonge mawili kwenye sahani, yeye naye hakula tena. Akijishika tumbo kwa sababu mkanda umembana, Fortunata aliacha alichokuwa anafanya. Felisian alinona kidogo, akalima kama kawaida, akamwambia, "Acha kunitazama hivyo, nitadhani una mume mwingine unanilinganisha naye." Alikuwa hajawahi kumlaumu, si kwa neno wala kwa macho. Watu walipouliza ilikuwaje akaugua mapafu hospitalini, alisema ni baridi ya njiani.

Jambo lile Fortunata alilipeleka kwa padre. Padre alimsikiliza, akampa rozari tatu, akamwambia Mungu amesamehe. Fortunata alizisali zote tatu akiwa amepiga magoti kwenye saruji, akatoka kanisani akiwa mzito vilevile, kwa sababu Mungu hakuwa ndiye aliyekuwa anachemsha vyombo.

Akafanya alichoweza. Kila baada ya mavuno alimpelekea Herieth ndoo ndogo ya unga wa ulezi. Na kila mara ndoo ile ilirudi na kitu ndani. Mara ya kwanza ilikuwa sabuni ya mche, mara ya pili kitambaa cha kichwa, mara ya tatu majani ya chai na kijibarua kilichouliza hali ya baba. Haikurudi tupu hata siku moja. Fortunata angefurahi kama ingerudi tupu. Angefurahi zaidi kama binti angeikataa.

Mwaka tisini na sita, mwezi wa Juni, ikatangazwa baada ya misa kwamba Daktari Zenon anakuja na mpira umepona. Safari hii wagonjwa walitakiwa kufika siku moja kabla, walale kwenye banda la hospitali. Mpango huo, walikuja kujua, ulikuwa wa Herieth. Nesi aliyekwenda Mbeya badala yake alisoma, akarudi akafanya kazi miezi minne, kisha akaenda Dar es Salaam kwenye hospitali ya mtu binafsi, maana siku hizo zilikuwa zinafunguliwa nyingi na zilikuwa zinatafuta watu. Daftari likarudi mikononi mwa Herieth kwa kukosa mtu.

Jua lilipozama alipita banda zima akikusanya vyakula vyote, kila mtu na jina lake juu ya kifurushi. Kwa Fortunata alichukua chupa ya uji, ile ya kutunzia moto. Aliiandika jina akaipanga na vingine. Kisha akarudi na kikombe cha chai yenye maziwa.

"Wewe si wa kumeza mpira, mama. Kunywa."

Fortunata alikipokea kwa mikono miwili. Hakuweza kukinywa. Herieth alipogeuka alikiweka chini, na chai ikatengeneza ngozi juu.

Asubuhi walikaa kwenye mabenchi. Felisian alikuwa namba saba. Daktari Zenon alifika, nywele zimeingia mvi kidogo, akiwa mchangamfu, akawasalimia wazee mmoja mmoja kwa heshima. Kisha akamwona Herieth mlangoni.

"Aha," alisema, "kumbe Sista wa Uji bado yupo. Leo uulize, eh?"

Manesi wawili wakacheka, na mfagiaji akacheka. Kwa namna walivyocheka Fortunata alielewa kwamba jina hilo halikuwa la leo. Lilikuwa limezoeleka, limeitwa kwenye korido na jikoni miaka mitatu. Herieth naye alitabasamu kidogo, kama mtu anayeitika jina lake.

Fortunata akasimama.

"Daktari," alisema, "uji ule nilimpa mimi."

Alimwona Herieth akitikisa kichwa polepole, akimkataza, lakini alikuwa ameshaanza na hakuona pa kurudi.

"Nilimpa nyumbani, alfajiri, vikombe viwili, na nilijua hairuhusiwi. Binti huyu aliuliza. Alituuliza vizuri, kwa heshima. Nikamjibu mimi kwamba hajagusa kitu. Alikwambia amesahau ili mume wangu asifutwe. Mimi nilisimama pale kwenye pazia, nikasikia, nikanyamaza."

Felisian naye alikuwa amesimama, koti linamning'inia. "Niliunywa mimi, Daktari. Mke wangu hakunifungua mdomo kwa nguvu."

Tabasamu lilikuwa limemtoka Daktari Zenon. Alisema, "Sheria yangu unaijua, mama."

"Naijua."

"Mwaka ule angeweza kufia mikononi mwangu. Unalijua na hilo?"

"Hilo ndilo nalijua zaidi."

Daktari alimgeukia Herieth. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayesoma tena barua aliyoisoma zamani haraka haraka. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. "Daftari ni lako, Sista Herieth. Kama ni kumfuta, mfute wewe. Kama si kumfuta, niitie." Akaingia ndani, na wote wakamsikia akinawa mikono, maji yakitiririka kwa muda mrefu.

Herieth alibaki na kalamu. Fortunata hakumwomba. Kimya chake cha mara moja kilikuwa kimemgharimu binti miaka mitatu, hakuwa na haki ya kuomba tena. Alitazama kalamu ile. Ilikuwa ya bluu, kifuniko kimetafunwa.

Herieth aliwaita wa kwanza mpaka wa sita kwa zamu zao. Kila mmoja aliingia akatoka. Ilichukua asubuhi nzima, na katika muda wote huo hakugeuka upande wao. Kisha akasoma kwa sauti ileile, "Namba saba. Felisian wa Mollo." Na alipomkaribia, akainama, akauliza, "Baba, umekula au kunywa kitu chochote tangu jana jioni?"

"Hapana, mwanangu," akasema Felisian. "Njaa inaniuma kweli."

Safari hii Fortunata hakufungua mdomo.

Walipomwita ndani baadaye, Felisian alikuwa amekaa, koo limekufa ganzi, haruhusiwi kusema. Daktari alikuwa anaandika. Njegere, alisema, bado ni njegere. Lakini ile punje ya mahindi haikuwa punje ya mahindi tena. Ilikuwa harage, harage dogo. Lile kubwa la kupasuliwa, bado.

"Sasa tatizo langu ni hili, mama. Sijui limefikaje hapo. Kama limekuwa likikua kidogo kidogo miaka yote, nitasubiri bila wasiwasi. Kama lililala tuli mpaka mwaka jana ndipo likaamka, sitasubiri. Kipimo cha mwaka tisini na tatu ndicho kingenisaidia, na hatuna." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama fundi anayeonyesha mahali ulipokosekana msumari. "Hatutangoja mwaka. Januari mje Mbeya. Nikikuta limeongezeka hata kidogo, napasua. Nikikuta limetulia, tunaendelea kuangalia."

Fortunata akauliza kama ingekuwa bora kupasua leo. Daktari akasema kupasua nako kuna hatari zake kwa mtu wa umri ule, na mapafu yake tayari yana kovu. Kovu hilo hakulieleza, na Fortunata hakuuliza limetoka wapi.

Nje, kwenye benchi lao la zamani, Herieth alikuja na rula. Alikaa. Kwa muda alikuwa anachambua maharage tu kwenye kiganja cha Fortunata, akiyapima na kuyarudisha.

"Kwa nini umesema?" aliuliza. "Miaka mitatu, mama. Nilishazoea."

Fortunata akasema hakuwa anajua kuhusu lile jina.

"Ni jina tu." Akapima harage jingine. "Mimi nilijua pale pale mlangoni. Nilipoinama nilisikia harufu ya ulezi mdomoni mwa baba. Nikafikiri, Julai ni moja kwa mwaka, nikimwambia Daktari, jina la baba litafutwa, na labda ni uji kidogo tu, utakuwa umeshuka. Nikatia alama. Kwa hiyo sikudanganya kwa ajili yenu peke yenu."

"Ulikuwa na miaka ishirini na tatu," akasema Fortunata. "Mimi nina wajukuu. Usijipange mstari mmoja na mimi."

Macho ya Herieth yalikuwa yamejaa machozi, lakini hakuyafuta, na kama yalikuwa ya huzuni au ya hasira Fortunata hakuweza kujua. Alidhani kuna ya hasira ndani yake, na akaona ni haki. Mtu hapotezi Mbeya yake akabaki na machozi ya namna moja.

Harage likapatikana. Herieth alifungua kiberiti kulitia, akakuta ile karatasi ya mwaka tisini na tatu. Aliikunjua, akaona hamna kitu. Aliikunja tena kwenye mikunjo yake ileile, akairudisha mahali pake, kati ya punje na harage. Halafu akainuka akaenda kumwangalia mgonjwa wake.

Kwanza alimpa Felisian kijiko cha maji, akamwekea vidole shingoni, akamwambia ameze. Alingoja. Akampa kijiko kingine, akangoja tena, akisikiliza kifua. Ilipita nusu saa nzima namna hiyo, wagonjwa wengine wameshaanza kufungua vifurushi vyao, yeye bado anampa maji kijiko kwa kijiko. Ndipo alipokwenda kwenye meza ya vyakula, akarudi na chupa yenye jina la Fortunata.

"Sasa mpe," alisema.

Fortunata alishika chupa. Kifuniko alikiweza, lakini alipoinamisha kumimina, uji ulimwagika kidogo kwenye sakafu. Akasimama anautazama, mwekundu vilevile. Hakuweza kuendelea.

Herieth akaichukua chupa mkononi mwake, akamimina kikombe mpaka nusu. Akakipuliza kidogo juu. Lakini hakumpa Felisian. Alikirudisha kwa Fortunata, akamfunga vidole vyake kwenye kikombe, akangoja mpaka alipoona vimekishika.

Felisian aliunyoosha mkono wake. Sauti yake ilikuwa bado nzito kwa dawa, ikatoka kama ya mtu aliyetoka usingizini.

"Na Daktari?" aliuliza.

Fortunata alimgeukia Herieth. Na Herieth, akiwa anafuta sakafu kwa kitambaa, akasema bila kuinua kichwa, "Daktari anajua, baba. Kunywa."